Fungu la Maalim Songoro

Kama ungetaka matumizi yako ya mwezi yapangwe haraka, bila maswali na bila masimango, Tabora nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea, naye ni Nyamizi Mlekwa wa Isevya. Watu walimsifu kwa kasi yake. Mimi ningewaambia kasi si sifa kwa kila kazi, lakini nani angenisikiliza? Kila tarehe ishirini na tano miamala ya kadi ilipopakuliwa, kaya mia mbili na kumi na mbili zilimwagika kwenye kishikwambi chake: sukari ya huyu, nauli ya yule, dawa ya mbu, sadaka, viatu vya shule. Naye aliketi kwenye kiofisi chake cha dirisha moja, akiugawa kila muamala kwenye fungu lake kama mtu anayechambua mchele, chuya huku, mchele kule.

Sheria ilisema kila mtu apange matumizi yake mwenyewe. Ilisema, ndiyo. Lakini noti na sarafu zilikwisha zamani, hata kitumbua ulikilipia kwa kadi, na nani mwenye muda wa kukaa kila mwezi kuieleza programu kwamba elfu tatu ya Jumanne ilikuwa nyanya na si soda? Kwa hiyo watu walimlipa Nyamizi, naye akapanga, na alichokipanga kikapelekwa kwenye Mizani ya Mfuko wa Uzima, ambayo ndiyo iliyoamua nani atibiwe kwanza na nani asubiri.

Jumatano hiyo Nyamizi alikuwa amefika kaya ya themanini aliposikia mtu anakohoa mlangoni.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Maalim. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kabula hajambo? Nimesikia mdogo wako amepata kitanda. Alhamdulillahi. Nimefurahi kweli, haki ya Mungu."

Maalim Songoro aliingia taratibu, akishika ukuta. Alikuwa mwalimu wa madrasa kwa miaka arobaini, na nusu ya mji ilikuwa imeonja bakora yake, Nyamizi akiwa mmoja wao. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka akakata kamba za makubazi ili yamtoshe. Alipoketi alisubiri pumzi zimrudie, kisha akatoa bahasha mfukoni mwa kanzu.

"Nisomee hii, mwanangu. Muuguzi amenisomea, lakini alisoma kama anakimbizwa. Na macho yangu unayajua."

Nyamizi akasoma. Katika orodha ya vitanda kumi na viwili vya kuotesha figo kwa mkoa mzima, Ndugu Songoro Feruzi alikuwa wa kumi na tatu. Ugonjwa: alama kamili. Kusubiri: alama kamili. Mwenendo: dosari kubwa. Vitanda vingine vitakuwa wazi baada ya siku tisini, kwa kuwa ndizo siku ambazo mgonjwa hulala pale huku figo mpya ikioteshwa ndani ya mwili wake kutokana na nyama yake mwenyewe.

"Hapo mwisho," Maalim alisema. "Hilo la mwenendo. Nimekula nini kibaya? Niambie niache. Siku tisini sina, daktari ameniambia wazi, lakini hata nikifa nataka nijue nimekosea wapi."

"Ngoja tuone, Maalim. Huenda ni kitu kidogo tu."

Akafungua kaya yake, akijua ni shughuli ya dakika mbili. Mzee mgane, hana mtoto, matumizi yake ni mkate, mchicha na mafuta ya taa ya kichina. Akabonyeza fungu la mwenendo. Skrini ikajaa mstari mmoja uleule kuanzia juu hadi chini: Baa ya Tulia Kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shilingi elfu mbili, Ulevi wa asubuhi. Ulijirudia mara mia tatu themanini na moja.

Nyamizi alidhani amefungua kaya ya mtu mwingine. Akaangalia jina. Akashuka tena na ile mistari, kila siku, kila siku, mpaka akafika mahali palipokuwa patupu. Siku thelathini hazikuwa na muamala hata mmoja wa asubuhi. Akaangalia tarehe. Ramadhani.

"Maalim," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. "Asubuhi ukitoka msikitini huwa unapita wapi?"

"Nipite wapi tena? Kwa Bi Siwema. Nakunywa uji wa ulezi kikombe kimoja, nakwenda zangu chuoni. Daktari mwenyewe kanisifia uji ule. Na sukari sitii. Kwa nini, una ubaya?"

"Hapana, Maalim. Hauna ubaya."

Sasa akakumbuka. Lo, alikumbuka kila kitu. Miezi kumi na minne nyuma, siku ya mwisho wa mwezi, mgongo unamuuma, kaya sabini bado, programu ilimwuliza swali: Baa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, je ni ulevi wa asubuhi? Akabonyeza Ndiyo. Ikauliza tena: miamala yote inayofanana na huu iingie humu bila kuulizwa? Akabonyeza Ndiyo, yote. Tena alibonyeza kwa shukrani, kwa maana amepunguziwa kazi. Alikumbuka hata alichokisema peke yake mle ofisini, akicheka: walevi wa asubuhi ndio wabaya zaidi. Na Mizani ilikubaliana naye, maana fungu lile ililikata alama mara tatu ya ulevi wa jioni.

"Niachie barua, Maalim. Nitaangalia vizuri. Ijumaa baada ya swala nitakuja mwenyewe nyumbani."

"Mungu akuzidishie." Mzee akajiinua, akishika meza. "Nilimwambia yule muuguzi, haya matumizi yangu yako kwenye mikono salama."

*

Alhamisi asubuhi Nyamizi alikwenda kujionea. Labda kuna jambo hajalielewa, alijiambia njiani. Labda mzee ana siri zake, wazee nao ni watu. Unaona mtu akiwa na hatia anavyoanza kumtafutia mwenzake dhambi.

Bi Siwema alikuwa pale pale alipokaa siku zote, ukutani mwa Baa ya Tulia Kwanza, upande wa jua la asubuhi, na sufuria zake mbili na benchi moja. Baa yenyewe ilikuwa imefungwa kwa kufuli kubwa. Ndani ya baa hapakuwa na mtu. Nje palikuwa na watu tisa wanakunywa uji.

"Jamani, leo nimepata mgeni!" Bi Siwema alisema. "Karibu mwanangu, karibu. Wa ulezi au wa mchele?"

"Ulezi. Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba. Kunywa kwanza, maneno baadaye. Umekonda wewe, nani anakutesa?"

Nyamizi akanywa. Uji ulikuwa mzuri, una ndimu kidogo. Alipotaka kulipa, Bi Siwema alipenyeza mkono kwenye tundu la dirisha la baa, kati ya nondo mbili, akatoa mashine ya kadi iliyofungwa kwa kamba ya katani ili isiibwe.

"Hiyo mashine ni ya baa?"

"Ya Bwana Kulwa, ndiyo. Yangu mimi nitaipata wapi? Mashine moja bei yake unanunua ng'ombe. Tumekubaliana, ananiachia dirisha wazi asubuhi, jioni ananihesabia changu, kila kikombe anakata mia yake. Mbona hata muuza vocha pale na fundi viatu wanafanya hivyo hivyo kwa jirani zao. Tutaishije?"

Nyamizi aligusisha kadi. Mashine ikalia. Kishikwambi kikatetemeka kwenye mkoba wake, akakitoa, akasoma: Nyamizi Mlekwa, Baa ya Tulia Kwanza, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, shilingi elfu mbili. Na hapohapo, bila kumwuliza, kwa kuwa yeye mwenyewe aliiambia isiulize, programu iliuweka muamala wake kwenye fungu la Ulevi wa asubuhi.

Alikaa na kile kikombe kitupu mkononi. Watu wa Tabora wote wanajua mtu hulipia kwa mashine ya jirani. Yeye mwenyewe viazi alivinunua kwa mashine ya kinyozi. Alilijua hilo miguuni mwake, sokoni, kila siku ya maisha yake, ila akifika ofisini akalisahau, akaamini kilichoandikwa.

"Vipi, uji umekwama?" Bi Siwema aliuliza.

"Hapana, Bi Siwema. Mzuri mno."

"Sasa unalia nini?"

*

Kulikuwa na njia ya kujaribu bila kubadilisha kitu. Programu iliiita Jaribio. Unaifuta kanuni kwa muda, Mizani inakuonyesha mambo yangekuwaje, kisha unarudisha. Nyamizi alifunga mlango wa ofisi mchana kweupe, akafanya jaribio. Wateja arobaini na watatu wa Bi Siwema walitoka kwenye fungu la ulevi. Arobaini na wawili walikuwa wazima, alama ziliwapanda kidogo, basi. Kwenye orodha ya vitanda yalibadilika majina mawili tu.

Wa kumi na mbili: Songoro Feruzi. Wa kumi na tatu: Kabula Mlekwa.

Alikuwa amelijua tangu Jumatano. Tangu aliposoma kwamba mzee ni wa kumi na tatu, naye Kabula ndiye wa kumi na mbili, lilimjia wazo, akalikanyaga lisisimame. Sasa lilikuwa limeandikwa.

Mwezi ulikuwa unafungwa Jumamosi saa sita mchana. Kanuni ikifutwa kabla ya hapo, Mizani inapima upya papo hapo. Ikifutwa baada ya hapo, orodha inabaki ilivyo, na marekebisho yanasubiri vitanda vijavyo. Kabula alikuwa aende kulazwa Jumatatu. Daktari alikuwa amewaambia figo zake zina wiki saba, nane zikibahatika. Wewe ungefanyaje? Usinijibu upesi.

Nyamizi alimlea Kabula tangu akiwa na miaka tisa, wazazi wao walipofuatana kaburini mwaka mmoja. Alimsukia nywele, alimtafutia fundi wa kumfundisha cherehani, alimfukuzia wanaume wasio na maana. Kwa miaka miwili nyumba yao haikuingia chumvi, kwa sababu Kabula alikatazwa, na Nyamizi akaona si haki ale mlenda wenye chumvi mbele ya mwenzake. Sasa Kabula alikuwa na miaka ishirini na sita. Maalim alikuwa na sitini na tatu. Toa, jumlisha, ufanye unavyotaka, hesabu ile haikukataa kumwambia Nyamizi alichotaka kuambiwa.

Aliporudi nyumbani, Kabula alikuwa barazani anashona, uso umevimba kidogo kama wa mtu aliyeamka sasa hivi, kanda ya kupimia shingoni.

"Dada, umerudi mapema. Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Nimewatangazia wateja, Jumatatu nafunga siku tisini. Asiyechukua gauni lake nalala nalo kitandani, nitarudi nalo limechanika. Weee, wamekuja mbio!" Akacheka, kisha akakohoa. "Na nikitoka kule, siku ya kwanza, nataka dagaa. Wa chumvi. Wale wenye chumvi mpaka ulimi unakufa ganzi."

"Utawapata."

"Unaniahidi?"

Nyamizi alisema maji yanachemka jikoni, akaingia ndani. Hapakuwa na maji yoyote jikoni.

*

Ijumaa baada ya swala alikwenda kwa Maalim kama alivyoahidi. Angeweza asiende. Nampa sifa yake hapo, maana nyingine sina uhakika kama anastahili. Mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka chumbani, miguu juu ya mto, na alimkaribisha kwa tende na maji.

Nyamizi hakugusa tende. Alisema yote kwa mkupuo mmoja, macho chini: mashine, dirisha, kanuni, fungu. Alipofika kwenye jina la fungu, mzee aliinua mkono.

"Sema tena hilo."

"Ulevi, Maalim. Ulevi wa asubuhi."

"Limeandikwa na jina langu?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mia tatu themanini na moja."

Maalim alikishika kidevu chake kwa mkono. "Natoka kumsujudia Mungu," alisema taratibu, "nakwenda kunywa uji, na wewe huku unaniandika mlevi. Mwaka mzima. Mimi nilikufundisha kuandika, Nyamizi."

"Nisamehe, Maalim."

"Usinikimbize kwenye msamaha. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Na likirekebishwa kitanda nakipata?"

"Unakipata. Wewe unakuwa wa kumi na mbili." Kisha akalisema na lile la mwisho, kwa kuwa lilikuwa linamnyonga. "Na Kabula anakuwa wa kumi na tatu."

Alisubiri. Sitamfichia, alikuwa anasubiri. Tangu alipotoka nyumbani kwake alikuwa ameshaisikia kichwani sauti ya mzee yule mpole, mcha Mungu, akisema, mwanangu, mimi nimekwisha kula chumvi nyingi, mpe mtoto. Mzee mwema atasema hivyo. Wazee wema husema hivyo. Na akisema, yeye hatakuwa ametenda lolote, atakuwa amepokea tu.

Maalim alimtazama na yale macho yake yenye ukungu, na akaelewa.

"Unangoja niseme mpe mdogo wako."

Nyamizi aliisogeza sahani ya tende pembeni.

"Sitasema." Sauti ilikuwa ya chini sana. "Miaka arobaini nimesimama kwenye misiba ya mji huu nikiwaambia watu mauti ni haki, tusiyaogope. Sasa yamekuja kwangu, nimegundua nilikuwa nasema tu. Naogopa, mwanangu. Naogopa sana. Nalala naogopa, naamka naogopa. Nataka kuishi. Hata miaka mitano, hata mitatu. Kabula namjua, nilimfundisha, ni mtoto mzuri, na bado nataka kuishi."

"Sikuja kukuomba, Maalim."

"Umekuja kuniomba. Basi sikia. Kushtaki sitashtaki. Ukiliacha lilivyo, siendi popote, sisemi kwa mtu, nitakufa na jina hilo na Mungu anajua ukweli. Lakini kitanda kwa mdomo wangu sikuachii. Huo mzigo usinitwishe mimi. Ulibonyeza peke yako, utabonyeza peke yako tena."

Akajilaza, akageukia ukutani. Nyamizi alipokuwa anavaa viatu mlangoni alimsikia mzee analia, kilio kidogo cha mtu asiyezoea.

*

Jumamosi alikunywa chai nyumbani na Kabula, wakazungumza habari za bei ya zipu. Saa nne alikuwa ofisini. Alimaliza kaya nane zilizobaki, na safari hii kila duka alilolitilia shaka alipiga simu kwa mwenyewe, akauliza: mama, hii elfu saba ulinunua nini? Watu walishangaa. Mmoja akamwuliza kama anaumwa.

Saa tano na nusu kazi ilikuwa imeisha, imebaki ile kanuni.

Alijaribu mawazo yote. Kuiandikia ofisi ya Mfuko? Mizani haikuwa na mlango wa mtu kubisha, ilikuwa inasoma mafungu tu. Kusubiri saa sita ipite, kisha aifute saa sita na dakika tano, aseme mtandao ulisumbua? Hilo lilikuwa jepesi sana. Hakuna ambaye angejua, mzee alishasema hatasema, na Jumatatu Kabula angelala kitandani na baada ya siku tisini angetoka anadai dagaa. Na Nyamizi angemtazama anavyokula. Alijiona kabisa akimtazama. Alijua angefurahi. Hicho ndicho kilichomtisha, kwamba angefurahi, na furaha ingekuwa ya kweli, na Maalim angekuwa kaburini na lile jina la ulevi.

Saa sita kasoro dakika kumi alilia. Kasoro sita akafuta machozi kwa upande wa kitenge. Aliwaza mtu anayeingia msikitini gizani, miguu imevimba, anatoka, anashika ukuta mpaka benchini kwa Bi Siwema, anakunywa uji bila sukari kwa kuwa anajitahidi, jamani, anajitahidi apone, na kila kikombe cha kujitahidi kinamsogeza nyuma.

Kasoro tatu akaifuta kanuni.

Una hakika? programu iliuliza. Miamala ya kaya arobaini na tatu itahamia Chakula, mia tatu themanini na moja ikiwa ya Songoro Feruzi.

Akabonyeza Ndiyo. Orodha ikatetemeka, majina mawili yakapishana, ikatulia.

*

Kabula alikuwa barazani, cherehani inakwenda. Nyamizi hakuketi. Alisema akiwa amesimama juani, mkoba begani, yote, tangu uji hadi kasoro tatu. Cherehani haikusimama. Kabula alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akaikunja nguo mapajani.

"Jumatano ulijua," alisema.

"Ndiyo."

"Alhamisi nilikuambia habari ya dagaa ukasema nitawapata. Jana ulikuwa hapa. Leo tumekunywa chai pamoja, dada, tumesema habari za zipu."

"Niliogopa, Kabula."

"Kwa Maalim ulikwenda."

"Nilikwenda."

"Yeye ulimwuliza."

Nyamizi akaushusha mkoba. Kisha akasema, "Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema usibonyeze!" Kabula alipaza sauti mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Ningekushika miguu. Ningesema yule mzee keshaishi, mimi hata sijaanza. Ningekuapia kwa kaburi la mama. Ningekuwa mbaya, dada, ungenichukia." Pumzi zikamwishia, akashika kifua, akangoja zirudi. Aliporudia alisema polepole. "Halafu labda usiku nisingelala. Labda leo asubuhi ningekuambia bonyeza. Sijui. Mimi ningekuwa nani, mbaya au mwema, sijui, na sasa hatutajua, si wewe si mimi. Umekaa siku tatu unaamua maisha yangu kule ofisini kwako, na mimi niko hapa natia vifungo."

"Kabula, mdogo wangu."

"Kaa chini. Utaanguka."

Nyamizi aliketi kwenye sakafu ya baraza, mgongo ukutani, akalia kwa sauti kama wanavyolia watu msibani, bila kujali njia. Kabula hakumgusa. Hakuondoka pia. Alichukua kitambaa kingine kwenye lundo, akakigeuza huku na huku akitafuta alama za chaki, akakiweka, akakichukua tena.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndoo alisimama pale njiani. Alimwona Nyamizi chini, akasita, lakini kwa kuwa shida yake nayo ilikuwa shida, akauliza.

"Fundi, samahani jamani. Lile gauni langu la bluu liko tayari? Nimesikia Jumatatu unakwenda kulazwa, nikasema niwahi."

Kabula akavuta lundo, akalitafuta lile gauni la bluu, akalikuta bado halijatiwa mikono.

"Bado, mama," alisema. "Pita Jumatatu. Jumatatu nipo."